Hebu Tuone na Gari la Sampuli

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini pale maabara hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Hebu Tuone. Ukimwambia chai iko tayari, atasema hebu tuone, kisha atafunua birika. Ukimwambia mvua inanyesha, atasogea dirishani. Siku mkurugenzi alipotangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba mwaka ule hakuna atakayepunguzwa kazi, watu wakapiga makofi, yeye peke yake akanyoosha mkono kuuliza kama jambo hilo limeandikwa mahali.

Mimi nilikaa naye chumba kimoja. Upande wangu lilikuwepo dirisha la kupokelea sampuli, ambako madereva huleta maboksi ya baridi yenye damu na mikojo ya watu kutoka vituo vya afya. Upande wake ilikuwepo meza yenye skrini mbili, maana yeye alikuwa ofisa takwimu. Chakula chake alikileta kwenye bakuli lenye kufuli dogo, lile la kufungia mabegi ya safari. Nilimuuliza siku moja ni nani angeiba wali wake uliopoa. Akasema hajui, na ndiyo maana ameweka kufuli.

Hakuwa mtu mbaya, na nalisema mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya msomaji amchukie. Alikuwa wa kwanza kukuchangia ukifiwa, ila atataka kujua marehemu alikuwa nani yako hasa. Nilipojifungua alikuja kuniona na nguo za mtoto, nzuri, za bei, na akazigeuza mbele yangu kunionyesha mishono kwa ndani, nisije nikadhani kanunua za mtumba. Mtu wa hivyo unampenda huku ukimchoka.

Mama yake alishafariki. Alibaki na baba, dereva mstaafu wa palepale maabara, mzee mkaidi aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji katika nyumba ndogo aliyoijenga kwa mikono yake. Hebu Tuone alikwenda kumwona kila Jumapili. Nasema kumwona, lakini ukimsikiliza Jumatatu utadhani alikwenda kufanya upekuzi. Alikuwa anafungua kabati, ananusa maziwa, anauliza nani alikuja, alikaa wapi, aliondoka na nini. Na kila mara alimkumbusha baba yake lilelile: siku akishindwa kujihudumia, nyumba inauzwa na yeye anahamia kwake, kwenye chumba kilichotazamana na sebule, ambako ataweza kumtupia jicho. Mzee alikuwa anajibu kwamba siku hiyo haijafika.

Jumatatu moja aliingia ofisini amekunja uso, akaketi bila kunisalimia vizuri. Nikamwuliza kulikoni.

“Baba kapata mtu,” akasema.

Ushahidi wake ulikuwa sahani mbili. Zilikuwa zimeinamishwa kwenye beseni la vyombo, safi, na vikombe viwili pembeni. Alipomwuliza baba yake, mzee alisema alikula mara mbili. Isitoshe, nyuma ya nyumba kulikuwa na kamba mpya iliyofungwa kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa choo, usawa wa kiuno. Mzee alisema ni ya kuanikia nguo. Nguo gani, Hebu Tuone aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga. Mwanamume mwenye mashati manne anaanika nini kwenye kamba ndefu vile? Kulikuwa na mwanamke pale, na mwanamke huyo ameshaanza kuweka mambo yake sawa, na kinachotafutwa ni nyumba. Nikamwambia kama mzee kapata wa kumpikia, basi heri yake. Aliniangalia kama mtu aliyeanza kunishuku na mimi.

Wakati huohuo kazini tulikuwa na balaa letu. Sampuli zilianza kuharibika. Damu inachukuliwa kituoni ikiwa nzima, ikifika dirishani kwangu imeshakufa, na mgonjwa inabidi aitwe achomwe tena. Madaktari walianza kupiga simu, na simu zile zilipokelewa na mimi, kwa hiyo nilijua matusi ya kila mmoja wao. Mkurugenzi akataka kujua zinaharibikia wapi. Hebu Tuone akasema hebu tuone, akageuza kiti chake kuelekea skrini, na kuanzia hapo kila aliyekuwa akigusa boksi la baridi alikuwa mshukiwa.

Alianza na dereva. Gari la sampuli lilikuwa moja na dereva wake mmoja, mtu mpole ambaye tulimwita Breki kwa sababu alikuwa anakanyaga breki kabla wewe hujaona cha kukukanyagisha. Breki alianza kazi akiwa msaidizi wa baba yake Hebu Tuone, na mzee ndiye aliyemfundisha barabara. Mtu mwingine angeona hiyo ni sababu ya kumwamini. Hebu Tuone aliona ni sababu ya kutomwonea haya.

Ndani ya gari lile kulikuwa na kifaa cha kufuatilia safari. Kila siku kiliandika faili moja la XML, na kwa kuwa nilikaa naye chumba kimoja, nimelazimika kujua hiyo XML ni kitu gani. Ni maandishi ya kawaida tu yaliyofungwa ndani ya lebo, na lebo zenyewe zimeingizwa moja ndani ya nyingine kama sufuria kabatini. Ndani ya safari kuna kipande cha njia, ndani ya kipande kuna nukta, na kila nukta inasema gari lilikuwa wapi na saa ngapi. Siku moja ina maelfu ya nukta. Hakuna mwenye macho ya kuzisoma zote, hivyo unaandika skripti, yaani orodha ya maagizo kwa kompyuta, ikusomee. Yeye alitumia Python, lugha ya kuiagiza kompyuta, aliyojifundisha mwenyewe kwa kutokumwamini mtu wa kompyuta tuliyekuwa naye. Ndani ya skripti unaandika njia, kama unavyomwelekeza mgeni nyumbani: ingia kwenye safari, pita kwenye kipande, niletee kila nukta utakayoikuta humo.

Akaandika njia yake, akabonyeza. Skripti ikarudi mikono mitupu. Haikulalamika, haikutoa kosa lolote, ilisema tu kwamba nukta ni sifuri.

“Kafuta,” Hebu Tuone akasema taratibu. “Mwenzangu, huyu mtu kafuta.”

Akashinda siku nzima na hasira hiyo. Alikwenda mpaka garini akakikagua kifaa, akamwuliza Breki ni nani mwingine anayekaa siti ya mbele, akamwuliza mlinzi wa geti kama amewahi kumwona Breki na bisibisi. Kesho yake alilifungua faili lenyewe kwa macho, na nukta zilikuwemo, zimejaa tele. Kumbe juu kabisa ya faili kuna mstari unaotaja ukoo wa lebo zote zilizomo, na ukiuliza nukta bila kutaja ukoo wake, unajibiwa kwamba haipo. Ni sawa na kwenda kwenye geti la kiwanda ukauliza jina moja tu la mtu. Mlinzi anakwambia hapa hakuna mtu kama huyo, wakati anayeulizwa yuko ndani anakunywa maji. Akaongeza ukoo kwenye skripti, nukta zikamiminika.

Nilidhani hapo atamwomba Breki radhi kimoyomoyo. Wapi. Alisema mtu anaweza kuwa hakufuta na bado akawa mwizi wa muda.

Baadaye aliipa skripti orodha ya vituo vya afya vyote, akaiambia itafute kila mahali gari liliposimama kwa muda mrefu, ilinganishe na vituo, halafu ichape moja kati ya mambo mawili: njiani, au nje ya njia. Dunia nzima ya skripti ile ilikuwa na sehemu mbili tu, panaporuhusiwa na pasiporuhusiwa. Ikachapa njiani, njiani, njiani, kisha nje ya njia. Akaipa siku nyingine, nje ya njia ikajitokeza tena, palepale. Kila siku ya kazi gari la sampuli lilisimama karibu saa nzima mahali ambapo hapakuwa na kituo chochote. Na saa yenyewe, skripti ilisema, ni saa nne asubuhi.

Hapo hata mimi nilianza kumwamini. Saa nne asubuhi maboksi yanakuwa yamejaa. Kama mtu analisimamisha gari juani na damu za wagonjwa ndani, halafu anakwenda kukaa kwenye kivuli cha nyumba ya mtu, basi jibu la mkurugenzi lilikuwa limepatikana.

“Lakini ni wapi?” nikamwuliza.

“Pasiporuhusiwa,” akasema, na kuendelea kuandika.

Hakutaka kujua zaidi ya hapo. Kilichomshughulisha ni mengine yaliyotoka kwenye mafaili yaleyale. Skripti ilisema gari linatoka getini saa kumi alfajiri, wakati sote tunajua ratiba ni saa moja asubuhi. Ilisema safari ya mwisho inakwisha saa nane mchana, wakati Breki alikuwa anarudisha funguo saa kumi na moja jioni. Mtu mwingine angejikuna kichwa. Hebu Tuone alipata maelezo ya kila kitu. Alfajiri Breki analitoa gari kufanya biashara zake, na mlinzi wa geti yuko naye pamoja. Mchana anakizima kifaa ili asionekane anakokwenda. Nilimwambia kwamba mimi asubuhi hulikuta gari uani, limelowa umande. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba ni umande.

Kwa kweli ilifika mahali na mimi nikaanza kumwangalia mlinzi kwa jicho jingine. Shuku inaambukiza ukikaa nayo chumba kimoja.

Breki aliitwa ofisini kwetu, akasimama mbele ya meza yake na kofia mkononi. Hebu Tuone alimsomea yote, akamwuliza saa nne anakuwa wapi. Nilimwona Breki akishangaa kidogo, kama mtu aliyetajiwa jambo asilolijua. Akasema saa nne anakuwa kazini, vituoni. Akaulizwa basi pale nje ya njia anapofika kila siku ni kwa nani. Hapo uso ulibadilika. Alitazama sakafu, na nilitamani atoe hata uongo mmoja wa maana, ugonjwa wa mtoto, tairi, chochote. Nilijua ana mke na watoto wanaosoma, na nilijua dereva wa umri wake akifukuzwa hapati tena gari la kuendesha.

“Dada, naomba nisiseme,” alisema. “Kuna mtu nimempa neno langu. Andika utakavyoandika.”

Alipotoka, Hebu Tuone alinigeukia bila hata kufurahi. Alionekana kama mtu aliyeumia. Aliniambia kwamba huyu ni mtu aliyekula kwenye sahani ya baba yake, aliyefundishwa kazi na baba yake, na leo anamfichia maneno. Taarifa ikaandikwa siku ileile na kupelekwa juu. Mkurugenzi akamwamuru Breki abaki nyumbani mpaka kikao, na gari akapewa dereva wa muda aliyekuwa anapotea kila kona. Kikao kikapangwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na kila mtu alijua kwamba kikao cha namna ile hakiitwi ili kumpandisha mtu cheo.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo Hebu Tuone alikuwa anainenepesha kesi yake. Alitaka kuingia kikaoni na miezi yote, siyo wiki chache, kwa hiyo akayalisha mafaili yote kwenye skripti kwa mpigo. Mistari ikawa inapanda kwenye skrini, saa kumi, saa nne, saa nane, saa kumi, saa nne, saa nane, na yeye anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza wimbo anaoujua. Halafu akaacha kuitikia.

Nilikuwa nabandika lebo kwenye vichupa. Nikasikia kimya, nikageuka.

“Jumatatu ile gari langu lilipogoma,” aliniuliza, “si nilipanda na Breki kwenda kukagua kile kituo cha mlimani?”

Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilimwona akipanda, amebeba bakuli lake lenye kufuli. Akaniuliza ilikuwa saa ngapi. Nikamwambia ilikuwa saa moja, dirisha langu ndiyo kwanza nalifungua.

Akaninyooshea skrini kwa kidole. Skripti yake mwenyewe ilikuwa imeandika kwamba siku hiyo gari lilitoka getini saa kumi alfajiri, naye akiwa ndani. Kwa mahesabu yake, yeye mwenyewe alipanda gari la sampuli gizani, akishirikiana na mlinzi wa geti.

Sikucheka, ingawa Mungu anajua nilitaka. Yeye alilifungua faili la siku ile kwa macho, kama alivyofanya mara ya kwanza. Muda kwenye faili unaandikwa tarehe, kisha saa, kisha mwishoni kabisa herufi moja, Z. Skripti yake ilichukua tarakimu za saa, ikatoa sita ili kupata saa yetu ya Kiswahili, na ile herufi ya mwisho ikaitupa. Aliiona ni takataka ya kifaa. Lakini herufi ile ndiyo inayosema kwamba saa hizi ni za dunia, siyo za hapa, na saa ya dunia iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mtu aliyeshuku umande, mlinzi, bisibisi na sahani za baba yake hakuishuku herufi moja.

Akaongeza saa tatu, akabonyeza tena. Gari likatoka saa moja asubuhi. Likarudi saa kumi na moja jioni. Na ile nje ya njia ikasogea kutoka saa nne mpaka saa saba mchana, katikati ya mapumziko ya chakula, wakati sampuli za asubuhi zimeshateremshwa dirishani kwangu na maboksi ni matupu.

Sasa ndipo alipouliza swali ambalo angeanza nalo. Alichukua sampuli zote zilizoharibika akaiuliza skripti zimetoka kituo gani. Zote zilitoka kituo kimoja, kile cha mlimani. Nikapiga simu pale, nesi akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba mpira wa mlango wa friji yao umekwisha, wanaufunga kwa kamba.

Nilimwambia aende kwa mkurugenzi mara moja. Alikaa tu, vidole kwenye ukingo wa meza. Alikubali kwamba saa amekosea, alikubali kwamba damu si ya Breki. Lakini hata kama ni saa ya chakula, alisema, gari ni la kazi, na mtu anayekataa kutaja anakokwenda bado ana jambo. Ndipo uvumilivu uliponiishia. Nikamwambia kwamba ana namba za mahali hapo kwenye skrini yake tangu siku ya kwanza, latitudo na longitudo, na hajawahi hata siku moja kuangalia ni wapi. Azitie kwenye simu aone, halafu amfukuze mtu akijua anamfukuzia nini.

Akazitia. Ramani ikafunguka, akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena.

“Hapa ni kwa baba,” akasema.

Njia nzima kwenda kwa mzee alikuwa anaendesha huku akijenga kesi mpya. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, amenichukua niwe shahidi, na nilisikia kesi ikipanda ghorofa moja baada ya nyingine. Kumbe mwenye sahani ya pili si mwanamke, ni Breki. Anamfuata nini mzee wa watu kila siku? Kwa nini hasemi? Wamepeana neno kuhusu kitu gani? Nyumba ile haina hati kamili, mzee anaweza kuwekeshwa saini popote. Nilimwuliza kama hawezi kuwaza kitu kingine chochote. Akasema anawaza, ila kila anachowaza kinaishia kwenye nyumba.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Uani niliiona ile kamba, imekazwa kutoka jikoni mpaka chooni, usawa wa kiuno, na katikati imeanza kung’aa kwa kushikwashikwa. Haikuwa na nguo hata moja. Nilielewa hapohapo, kabla yake, na nikamshika mkono ili nimwambie. Alikuwa ameshaingia ndani.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya redio. Aligeuza uso kuelekea hatua zetu, akatabasamu, lakini macho yake yalitua ukutani, pembeni yetu kabisa.

“Breki, siku zote hizi ulikuwa wapi?” akasema. “Nilidhani yule mpelelezi wangu amekunasa.”

Hebu Tuone alisimama pale alipokuwa.

Mzee akaendelea, kwa raha, kama mtu anayezungumza na mwenziwe wa siku nyingi. Alisema dawa iko juu ya redio, amejaribu kujitilia mwenyewe mara kadhaa, yote imeishia shavuni. Alisema jicho la kushoto sasa halioni hata mwanga wa dirisha, la kulia bado linajitahidi, na daktari alishasema dawa isikose hata siku moja. Akacheka kidogo. Kuna Jumapili nusura waumbuke, alisema, aliulizwa juu ya sahani, ikabidi ajifanye mlafi.

“Akijua tu nimehamishwa,” akasema. “Na usimfikirie vibaya, ni mwanangu, nampenda. Ila kukaa naye ni sawa na kukaa kituo cha polisi.”

Nilimtazama Hebu Tuone. Kila Jumapili alikuja hapa, akakagua vikombe, na hakumwangalia aliyevinywea. Nilijua maswali aliyonayo, maana hata mimi nilikuwa nayo: tangu lini, daktari gani, kwa nini Breki aambiwe na yeye afichwe. Akavuka sebule, akachukua kichupa cha dawa juu ya redio, akakigeuza kusoma tarehe. Mazoea hayamwachi mtu kirahisi.

“Ni mimi, baba.”

Tabasamu la mzee liliondoka taratibu. Mikono yake ikatafuta ncha za kiti ikazishika, kama mtu aliyeambiwa gari linakata kona.

“Haya,” akasema. “Uliza.”

Nilisubiri. Redio ilikuwa inaongea peke yake kwa sauti ya chini. Hebu Tuone akapiga magoti mbele ya kiti.

“Jicho lipi kwanza?”

Nadhani mzee alikuwa anangojea swali lenyewe lifuate. Lilipokosekana, aliegemeza kichwa nyuma na kusema la kulia. Binti yake akamshika kidevu, akakosea tone la kwanza, likateremka shavuni, akalifuta kwa kidole gumba, akajaribu tena. Machozi yake yeye hakuyafuta, na baba hakuweza kuyaona.

Simu ya Hebu Tuone ikaita mfukoni. Alikuwa mkurugenzi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi aliniambia niitoe, niipokee na kuiweka sauti ya wazi. Mkurugenzi alitaka kujua kama kila kitu kiko tayari kwa kikao. Hebu Tuone akamjibu kwamba kikao hakipo, kwamba saa zote za kwenye taarifa yake ni za makosa na kosa ni lake, na kwamba Breki arudishiwe funguo leo hii.

Miaka yote ile mkurugenzi ndiye aliyekuwa anaulizwa, na naona hakutaka nafasi hiyo impite. Akamwuliza ana ushahidi gani kwamba dereva hakuwa anafanya jambo baya kule nje ya njia.

“Ninao hapa,” akasema, “nimeushika kichwa.” Kisha akainamia jicho la kushoto.